Koili ya Baba Mkwe

Usiku wa kuamkia leo nimeota koili yangu ya waya wa kuzungusha imeamka kabla yangu, imekaa juu ya cherehani, inakunywa chai.

Sikushtuka. Ndotoni mtu hushangaa mambo madogo tu, na mimi nilichoshangaa ni kwamba ilikuwa imechukua kikombe cha wageni.

"Umeamkaje, mama?" inaniuliza.

"Nimeamka salama. Hicho kikombe si cha kila siku."

"Na chai hii nayo si ya kila mtu," inajibu, imekunja uso, inapiga funda jingine.

Ngoja kwanza niwaeleze mambo ya nikiwa macho, maana bila hayo ndoto yenyewe mtaiona ya kichaa. Naitwa Tupokigwe. Nashona nguo hapahapa nyumbani, Tukuyu, na ni mwongeaji. Mume wangu Anyosisye anasema nikikosa mtu naongea na sufuria, na hajasema uongo. Sasa mwongeaji mwenzenu nimepewa mtihani. Tangu mama mkwe afariki, baba mkwe anaishi kwetu, na kwa mila yetu ya Kinyakyusa mke wa mtu na baba wa mumewe hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani. Hata jina lake silitaji. Wengi wameshaacha hayo. Yeye hajaacha, na mimi si wa kumwachisha, maana namheshimu. Akitaka kutoka chumbani anakohoa, mimi nakimbilia jikoni. Chakula naweka kwenye stuli mlangoni pake, nagonga mara mbili, natoweka. Asubuhi namwekea chai yangu ya tangawizi, ile ambayo mtaa mzima unaisifia, na kwa ajili ya baridi ya huku namtilia nyingi. Anyosisye ndiye wa kutupitishia maneno, lakini ni dereva wa lori na wiki hii yuko njia ya Songea. Watoto wako bweni. Nyumba nzima ni mimi, yeye na ukuta.

Ndipo nikaingia mambo ya koili. Feni yetu iliungua, nikaifungua, nikakuta waya wa shaba mwekundu, mwingi, mzuri hata wa kusukia nywele. Nikatafuta video kwenye simu. Mwanzo niliuruka, maana jamaa alikuwa anasalimia mno, lakini katikati akaeleza kwamba koili mbili zisizogusana kabisa zinaweza kupeana sauti. Unaunganisha redio kwenye moja, sauti inavuka hewani, inapita hata ukutani, inatokea kwenye spika ya ile ya pili. Nikasema, ala! Mila inakataza nisiongee na baba. Haijasema lolote kuhusu shaba.

Nikazivingirisha koili mbili kwa gurudumu la cherehani. Moja ikakaa upande wangu. Ya pili Anyosisye, kabla hajasafiri, akaitundika chumbani kwa mzee pamoja na spika ndogo, akamwambia ni mambo ya redio. Mpango wangu ulikuwa azoee taarifa ya habari kwanza, halafu siku moja, katikati ya hali ya hewa, nijipenyeze mimi.

Haikutoa hata mkwaruzo.

Halafu jana jioni nikamsikia mzee anaongea na mwanawe kwenye simu. Ukuta wetu ni wa tofali moja. Sauti inapita vizuri tu, kisichopita ni ruhusa. Akasema nyumba hii haina mtu wa kumwambia hata pole, kwamba mke wako amenichoka, ndiyo maana kimya kimezidi, na kesho nashuka Kyela na basi la kwanza. Kyela kwenyewe nyumba ni tupu, paa linavuja na miguu yake inavimba. Nikampigia Anyosisye nikamwambia, mwambie baba nataka abaki. Akajibu ameshamwambia, na mzee amesema maneno ya mke yakipitia kwa mume yanafika yamepigwa pasi. Jioni ileile begi likatoka, likawekwa koridoni karibu na ndoo ya maji. Nililala palepale kwenye cherehani, kichwa juu ya kitambaa.

Basi. Koili inaweka kikombe chini.

"Tunakwenda ng'ambo," inasema. "Panda."

Napanda waya. Ni barabara nyekundu, inang'aa, na kazi yake ni kuzunguka. Napita jikoni, napita cherehani, napita mlango wa baba mkwe, nafika jikoni tena. Mzunguko wa pili jikoni kuko Kyela, mpunga umeanikwa sakafuni na kuku wanaufanyia hesabu. Mzunguko wa tatu ni kanisani siku ya ndoa yangu, na juu ya kinanda kuna sufuria ya maharage inachemka. Naonja. Chumvi haijakolea.

Mbele yangu anatembea mwanamke amebeba sahani. Nyuma yangu kuna mwingine na chupa ya chai. Namtazama vizuri wa mbele: ni mimi, nimevaa gauni lile la msibani. Wa nyuma ni mimi pia, nina mafua. Nyuma yake mimi mwingine, na mwingine, foleni yote inapinda mpaka inapotelea kwenye kona. Kila mmoja amevaa koti jembamba jekundu, linang'aa kama limelowa mvua.

"Hawa ni nani?" nauliza, maana ndotoni lazima uulize hata unachokijua.

"Hiyo ndiyo mizunguko," inasema koili. "Kila mzunguko ni mlo mmoja uliompelekea mzee. Ulidhani umenivingirisha kwa waya wa feni?"

Nataka kumshika bega yule wa msibani nimpe pole, maana naye nakumbuka hakuna aliyempa. Koili inanizuia. Inasema tukigusana tutaungua wote, nyumba ibaki inanuka moshi. Basi namwambia pole kwa mbali. Anaitikia kwa kichwa, anaendelea na sahani yake.

Barabara inakwisha ghafla. Pale mwisho, kwenye stuli yetu ileile ya mlangoni, amekaa Msasa, mkavu, mkwaruzo mtupu.

"Ncha umezikwangua?" ananiuliza.

"Ncha gani?"

Msasa anaitazama koili. Koili inatazama pembeni kwa aibu.

"Ameruka mwanzo wa video," inasema.

Msasa anahema. Ananieleza, bila kunigombeza, kwamba ule wekundu niliodhani ni wa shaba ni wa vanishi. Waya wote umepakwa. Umeme ulifika mlangoni kila siku, ukakuta pamefungwa, ukarudi zake.

"Basi kwangua yote," nasema. "Vua kila kitu. Nimechoka na hiyo vanishi. Kujificha jikoni, kugonga mara mbili, kutotaja jina, yote. Kwangua!"

"Taratibu, mama. Vanishi ndiyo adabu yenu. Bila hiyo mizunguko ingegusana, mngeunguzana siku ya kwanza. Haikuharibu kitu." Anajikuna, vumbi linamdondoka. "Inakwanguliwa ncha tu. Mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Toa ulimi."

Natoa ulimi. Anausugua kwenye ncha, kidogo tu, kwa utaratibu wa mtu anayemenya kiazi kimoja. Haiumi. Vinadondoka vipande vyekundu, naviokota kimoja kimoja kuvisoma. Kimoja kimeandikwa "haidhuru". Kingine "hamna neno, baba". Kingine "mimi niko sawa tu". Kumbe vilikuwa vinakaa hapo.

Mbele yetu sasa ni hewa. Ni pana kama uwanja wa mpira, na mimi najua kabisa kwamba ni ukuta wa tofali moja. Upande wa pili iko ile koili nyingine, imetulia, na kando yake amekaa baba mkwe kwenye kitanda chake. Amenipa mgongo. Naona kofia yake ya sufu na shingo, basi. Hata ndotoni mzee hakosei mila. Begi liko magotini.

Nagonga hewa mara mbili, kama kawaida yangu. Hakuna kitu.

Nagonga tena. Kimya.

"Hiyo ameshaizoea," inasema koili yangu. "Mimi sipitishi kilichotulia. Umeme ukikaa vilevile, hata uwe mwingi wa kuua ng'ombe, ng'ambo hawahisi kitu. Kinachobadilika ndicho kinachovuka. Umegonga vilevile tangu mwaka uanze."

"Sasa niseme nini?"

"Usichokisema jana."

Mwenzenu, naongea na sufuria, naongea na wateja, naongea na mashine ikikata uzi. Pale nilikosa la kusema. Halafu nikaanza na lililo karibu.

"Baba," nasema. "Mimi ni Tupokigwe."

Spika ndogo ya chumbani kwake inakwaruza. Kofia inatikisika.

"Unasema nimekuchoka. Nilichochoka ni kunyamaza. Ukirudisha sahani imeliwa nusu nakaa nayo jikoni, najiuliza kama ni chumvi au ni huzuni, na hakuna wa kunijibu. Usiku ukikohoa zaidi ya kawaida siendi kulala mpaka utulie. Hujui hilo. Utajuaje, na mimi najificha vizuri hivi? Mama alipofariki ukaja kwetu, ukakaa humo ndani na mimi nikakuletea uji, nikagonga mara mbili, nikaenda zangu. Nilitaka kukupa pole, baba. Nimebaki nayo mpaka leo. Pole sana. Usiende Kyela."

Nilipomaliza nililia, na machozi yakavuka hewa bila taabu, maana nayo yalikuwa yanabadilika.

Mzee hageuki. Anafikiri. Nje kuku wa Kyela wamemaliza hesabu ya mpunga, wanaanza upya. Hatimaye anakohoa, kile kikohozi chake cha kuniambia anatoka, na mimi karibu nikimbie. Koili inanikanyaga mguu.

"Mama," anasema baba mkwe kwa ukuta ulio mbele yake. "Chai yako ina tangawizi nyingi mno."

Namgeukia yule mimi mwenye chupa ya chai.

"Tangu nije naimeza kama dawa. Inanichoma kifua, ndiyo inayonikohoza usiku."

"Jamani, baba. Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

Hapo mlango unafunguliwa na linaingia basi la Kyela. Ni basi zima, lina mizigo juu, linajibana vizuri lisiangushe picha ukutani, linakaa kwenye kitanda kando ya mzee. Kitanda kinalia. Basi linavua kofia.

"Hodi humu ndani," linasema. "Mzee, unapanda au unaongea?"

Baba mkwe anaangalia begi lake. Analihamisha kutoka goti la kulia kwenda la kushoto. Mimi na mimi wenzangu wote foleni nzima tumesimama, sahani mikononi, hakuna anayepumua.

"Subiri kidogo," anasema. "Kuna mtu naongea naye."

Nikaamka.

Mvua ilikuwa inapiga bati, kumeshakucha, na shavu langu limechapwa alama ya kitambaa cha cherehani. Kwa mbali, huko stendi, basi la Kyela lilikuwa linapiga honi za mwisho mwisho. Nikasikiliza upande wa pili. Kimya kabisa. Nikajua ameshakwenda.

Koili ilikuwa mezani nilipoiacha, bila kikombe. Nikachukua wembe, nikakwangua ncha. Wekundu ukatoka unga unga, chini yake pakang'aa shaba yenyewe. Kumbe kweli ilikuwa vanishi. Kwa hiyo hapakuwa na kitu kilichopita usiku ule, wala kisingeweza kupita. Redio yenyewe niliizima mapema. Nikaketi nikasema moyoni, ndoto ni ndoto tu, mwanamke wewe, amka ukafagie chumba cha mzee.

Honi ikalia tena, ndefu, halafu nikasikia basi linaondoka, linateremka, sauti inapotelea kwenye migomba.

Ndipo mtu akakohoa koridoni.

Nikakimbilia jikoni, nikasimama nyuma ya mlango. Hatua zake zikaja polepole, zikasimama karibu na ndoo ya maji. Nikasikia begi linanyanyuliwa. Kisha baba mkwe, ambaye tangu niolewe sijawahi kumsikia akisema neno lolote upande wangu, akaongea.

"Wewe ndoo," akasema. "Ukionana na mama wa humu ndani, mwambie chai ya leo asitie tangawizi."

Habari ya tangawizi sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote aliye hai, si kwa Anyosisye wala kwa jirani.

Begi likaburuzwa kurudi chumbani. Lakini mlango haukufungwa. Alikuwa amesimama palepale, ndani kidogo, anasubiri, nikajua. Machozi yananitoka, mkono mmoja umeshika birika, nikatoa sauti.

"Ndoo," nikasema, "mwambie baba nimesikia. Na umwulize, sukari huwa anapenda vijiko vingapi? Na maziwa je, yawe mengi au kidogo? Na jana ule mchuzi, ilikuwa chumvi au ilikuwa nini?"

Mvua ikaendelea kupiga bati. Ndoo ilikaa kimya, kama inavyopaswa.

"Mwambie aulize moja moja," ikajibu sauti ya mzee. "Leo siendi popote."