Picha ya Ngoitiko Chini ya Uyoga

Saa tatu kasoro asubuhi, mwezi wa Aprili 1979, Marsela Tluway alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia kwenye kona ya barabara inayokata msitu wa ukingo wa kreta, akisubiri ukungu upungue. Mbele yake uyoga wa kijivu ulikuwa umeota kwa mstari wenye urefu wa mtu mzima aliyelala.

Daktari Clemensi, mtafiti aliyekuwa akitayarisha kitabu cha uyoga wa msituni, alimwajiri kwa sababu ndiye pekee Karatu aliyekuwa na pete za kurefushia lenzi, zile zinazoiwezesha kamera kusogea hadi tone la umande lijaze picha. Flashi aliikataza. Alitaka mwanga wa jua tu. Marsela alitega kipande cha kadibodi nyeupe ili mwanga urudi chini ya kofia ya uyoga, penye vijikunjo vilivyopangana kama kurasa. Akabana pumzi, akahesabu sekunde mbili. Filamu zilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo alipiga picha tatu tu.

Alizisafisha jioni hiyo katika chumba cha giza nyuma ya studio yake. Katika picha ya kwanza, chini ya kofia ya uyoga, alikuwa amekaa mwanamume mwenye ukubwa wa punje ya mchele. Lenzi ilikuwa nzuri. Kovu la kwenye nyusi lilionekana, na sikio la kushoto lililochanika, na kamba mikononi.

Marsela alimtambua. Miaka miwili nyuma, mama mmoja wa Nainokanoka, Nanyokie, aliingia studio kuuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumpiga picha mumewe, Ngoitiko. Boma lao lilikuwa limehamishwa. Mumewe akarudi kumfuata ng'ombe aliyebaki na ndama, akakamatwa na askari. Kituoni Nanyokie aliambiwa jina hilo halimo kitabuni, na kama anataka mtu huyo atafutwe, alete picha. Hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni habari ya kovu na sikio.

Picha ya pili ilikuwa na askari wawili, wamesimama kando ya Landrova. Ya tatu ilimwonyesha dereva. Alikuwa Bartolomeo, mdogo wake Marsela, ambaye dakika ile ile alikuwa anagonga mlango kuuliza kama chakula kiko tayari.

Kwa siku tatu Marsela hakutulia. Aliunguza maharage. Aliwapiga maharusi picha na kifuniko cha lenzi hakijatolewa. Kila gari lililopita alilisikiliza mpaka liishie. Siku ya nne aliziweka picha mezani.

Bartolomeo aliziangalia. "Ni lile koti langu la kijani," alisema. "Nilishasahau kwamba lilikuwa na kiraka."

"Mlimpeleka wapi, Barto?"

"Hatukumpeleka popote. Waliniambia simama hapo kwenye kona. Wakashuka naye. Waliporudi walikuwa wawili."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilikuwa naendesha, dada." Alinawa mikono, akakata tonge, lakini hakulipeleka mdomoni. "Ukizipeleka, atakayeulizwa kwanza ni mimi. Na wifi yako Cresensia ana mimba ya miezi saba."

Asubuhi Marsela alizifunga picha ndani ya khanga, akaenda Nainokanoka. Nanyokie alizitazama kwa muda mrefu mlangoni pa nyumba yake.

"Amekonda," alisema. Kisha akaweka kidole juu ya picha ya tatu. "Na huyu?"

Marsela alimwita mama kwa Kimaa. "Ni mdogo wangu, yeyo. Tumbo moja."

Nanyokie alikwenda kufunga zizi la ndama, akarudi amevaa shuka lake la safari. "Twende, mwanangu."

Mkuu wa kituo, Bwana Sakaya, alizipima picha kwa kioo cha kukuzia, moja baada ya nyingine. "Ndiye," alisema. "Sikio ni lile lile uliloeleza, mama. Picha zilipigwa lini?"

"Wiki iliyopita," alijibu Marsela.

"Basi yuko hai. Na yuko msituni bila kibali." Akavuta karatasi, akaandika hati ya kumwita: Ngoitiko afike mbele ya askari kwenye kona ile ya msituni, Jumatatu, saa nne asubuhi, ajieleze. Akagonga muhuri.

"Na hawa waliomfunga?" aliuliza Nanyokie.

"Hao wako kazini, mama."

Picha alibaki nazo. Alisema ni ushahidi dhidi ya Ngoitiko.

Jumatatu wanawake wawili walifika konani mapema. Uyoga ulikuwa umeanza kuoza na kulala. Nanyokie alimwomba Marsela aisome hati kwa sauti, naye akaisoma akiwa amepiga magoti, polepole, mpaka kwenye cheo cha aliyetia sahihi. Nanyokie aliirudia kwa Kimaa. Wakangoja. Umande ulidondoka kutoka kwenye matawi. Chini ya kofia mojawapo kitu kilisogea kidogo, kama mtu anayejaribu kusimama bila kutumia mikono, kisha kikakaa tena.

Saa nne kamili Landrova ilisimama. Bartolomeo alishuka, peke yake.

"Nimetumwa kumchukua," alisema, akiangalia barabara.

"Hakutoka," Marsela alimjibu.

Bartolomeo alisimama nusu saa nzima kama alivyoagizwa. Wingu lilishuka kwenye miti. "Mvua hiyo," alisema mwishowe. "Nitawafikisha. Mama, kaa mbele."

Hakukuwa na gari jingine siku ile. Nanyokie alizunguka hadi mlango wa nyuma, akapanda, akabaki ameinama katikati ya mabenchi mawili ya chuma.

"Alikaa upande gani?" aliuliza.

Bartolomeo alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Kushoto, mama," alisema. "Karibu na mlango."

Nanyokie akaketi hapo. Gari likaondoka.