Fomu ya Kwenda Kuuona Mfereji

Jumamosi asubuhi Resiato alimkata binti yake kucha kwa wembe mpya, kwa kuwa kanuni ya nne ya Maktaba Kuu ilitaka msomaji afike na mikono safi. Safari yenyewe ilikuwa bado miezi mitano. Nalepo alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mkono mmoja kwa mama yake, mkono wa pili umeshika karatasi ya kanuni, akizisoma kwa Kiingereza na kuzieleza kwa sauti.

"Kalamu ya wino hairuhusiwi. Penseli tu. Chakula hakiruhusiwi. Mwavuli unaachwa mlangoni."

"Na ukisikia njaa?"

"Unatoka nje, yeyo," alimwambia mama yake.

"Nje kuna baridi huko. Ipo inayosema msomaji anarudi kwao lini?"

Nalepo alizipitia zote kumi na tisa. "Hiyo haipo. Hiyo si kazi ya maktaba."

Resiato akahamia kidole kingine.

Ilikuwa mwaka 1949, upande wa Ngaramtoni. Mzungu mmoja wa kahawa alikuwa ameiomba serikali ardhi iliyopakana na shamba lake, nayo ndiyo waliyokuwa wakilima akina Resiato, kaya thelathini na mbili, pamoja na mfereji ulioshuka kutoka mlimani. Bwana Shauri, afisa wa serikali wa wilaya, aliwaita wazee akawauliza mfereji ni wa nani. Wakasema ni wao, babu zao waliuchimba kwa vijiti. Akawauliza imeandikwa wapi. Mzee Loserian, aliyekuwa mkuu wa mfereji na mgawaji wa zamu za maji, akasema imeandikwa. Wakati wa Mjerumani alikuja mpimaji mwenye kitabu cha jalada jekundu, akaupima mfereji kwa mnyororo, na baba yake Loserian akatia kidole. Baada ya vita Waingereza walikichukua kitabu hicho wakakipeleka kwao, kwenye Maktaba Kuu. Bwana Shauri akasema vizuri sana, basi mtu aende akakinakili. Shauri lingesikilizwa baada ya mavuno ya mahindi.

Aliyejua Kiingereza katika kaya thelathini na mbili alikuwa Nalepo peke yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amemaliza shule ya wasichana ya misheni. Mke wa daktari wa misheni, aliyekuwa anakwenda likizo kwao mwezi wa sita, alikubali kumchukua amsaidie watoto njiani. Ni yeye pia aliyewapa kanuni na fomu ya kwanza.

Mzee Loserian alifika wakati kucha zimekwisha. Nalepo aliinamisha kichwa, mzee akakigusa kwa kiganja.

"Umeandika?"

"Nimeandika. Jina la kitabu, mwaka, na kwamba tunaomba ruhusa ya kukiona."

"Na umeweka nini ndani?"

"Ndani ya nini, mzee?"

"Ndani ya barua. Unaomba kwa mtu usiyemjua, mkono mtupu? Watasema hawa wamelelewa na nani."

Alitoka akashuka mpaka ukingo wa mfereji, akarudi na nyasi mbichi. Mwarusha akiomba jambo zito hushika nyasi mkononi, na anayeombwa akiziona hujua hajaja kwa ugomvi. Nalepo alisema kanuni hazikutaja nyasi. Mzee akasema hazikuzikataa vilevile. Resiato hakuona ubaya wowote. Alizifunga kwa uzi yeye mwenyewe, akazilaza katikati ya karatasi, wakaenda mjini kuposti.

Penseli walinunua kwa Ashok, mwenye duka la vifaa vya shule karibu na soko la Arusha. Alipojua ni za nini alizichonga zote sita bila kuombwa.

"Mama Nalepo, baba yangu aliwaandikia hao," alisema. "Zamani, habari za nyumba yetu ya Bara Hindi. Walijibu vizuri mno. Mpaka leo hakuna katika familia anayekumbuka mlango ulitazama upande gani."

"Mlisahau?"

"Hatukusahau. Haupo tu." Alizifunga penseli kwa gazeti. "Karatasi za mistari hamhitaji? Zimeingia mpya."

Wiki tatu baadaye, Jumanne, ukingo wa mfereji ulikuwa hauna nyasi. Hazikukauka wala hazikuliwa na mifugo. Ardhi ilikuwa laini kama kiganja, pande zote mbili, kutoka juu mpaka chini. Watu walipeleka ng'ombe upande wa Oldonyo Sambu na wakarudi wamechoka. Barua ilifika siku nane baadaye. Nalepo aliisoma amesimama. Maktaba Kuu ilishukuru kwa nyasi za ukingo wa mfereji, zilizopokelewa Jumanne hiyo zikiwa katika hali nzuri, na zimepewa namba. Ili kukitafuta kitabu, iliomba maelezo kamili ya mfereji wenyewe: unaanzia wapi, unapita wapi, urefu wake, na nani hutumia maji siku gani.

"Usiandike," Resiato alisema.

"Yeyo, wasipojua ni mfereji upi watakitafutaje?"

"Nyasi hawakuombwa wachukue."

"Tuliwapa."

Hilo lilikuwa kweli. Nalepo alitembea na Mzee Loserian siku mbili, akihesabu hatua kwa sauti. Aliandika mwamba ambako maji yalitegwa, mti wa mringaringa uliopinda, mahali ambapo mfereji ulipita juu ya korongo kwa gogo lililochongwa, na kila mgao mpaka wa mwisho. Aliandika kwamba Resiato alipata maji Jumatano baada ya adhuhuri. Yalikuwa maandishi mazuri, kurasa saba, bila kosa. Mke wa daktari aliyasoma akasema ni kana kwamba mtu anausikia mfereji.

Mfereji ulichukuliwa Jumatano. Resiato alikuwa amekwenda na jembe kufungua maji ya zamu yake, akakuta hakuna cha kufungua. Hapakuwa na shimo wala mkondo mkavu. Palikuwa na ardhi tambarare yenye njia ya miguu, na njia hiyo ilionekana ya siku nyingi. Alisimama kidogo, akaligeuza jembe begani, akarudi nyumbani kupalilia migomba. Jirani yake alimuuliza maji yamefika? Akasema hapana, yamekwenda.

Barua ilithibitisha. Mfereji mmoja, hatua elfu tatu na mia mbili, pamoja na maji yake, ulikuwa umelazwa katika ghala la chini. Uliweza kuonwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa nne mpaka saa kumi, na mwenye kadi ya msomaji. Kabla ya kadi, Maktaba iliomba jina la shahidi mmoja mwenye kuufahamu mfereji toka utotoni, na maelezo yake.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Majani yalianza kujikunja. Wazee walikutana kwa Loserian. Mmoja alisema waache kuandika. Mwingine akamuuliza wakiacha, mfereji utarudi kwa miguu? Nalepo alieleza kwamba sasa si kitabu tu, na mfereji wenyewe uko kule, kwa hiyo safari imekuwa ya lazima zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hakuna aliyeweza kulipinga hilo. Resiato aliyekuwa amekaa na wanawake mlangoni alisema, "Kila barua mnaipa sababu ya barua nyingine," lakini aliambiwa asubiri wazee wamalize, na walipomaliza walikuwa wamekwisha kukubaliana.

Mzee Loserian alisema aandikwe yeye. "Nimekaa na mfereji ule miaka sabini. Ukiamka ugenini ukakosa mtu wa kuuzibua, utaoza."

"Watakuweka wapi, mzee?" Resiato alimuuliza.

"Waniweke watakapo. Hapa mmeniweka wapi? Kwenye kigoda, na wajukuu wananirukia."

Watu walicheka. Nalepo aliandika umri wake, jina la baba yake, meno yaliyobaki, na mambo anayoyajua. Mambo hayo yalichukua kurasa kumi na moja. Loserian aliondoka asubuhi moja kabla ya chai. Kigoda kilikuwepo, blanketi lilikuwepo limekunjwa. Mke wake alimwaga chai ya kikombe cha pili. Barua ilisema shahidi mmoja, mwanamume, mzee, amepokelewa, na amehifadhiwa mahali pakavu mbali na jua. Chini yake palibandikwa fomu ya mwisho, ya kadi ya msomaji. Iliuliza jina la mwombaji, jina la mama, kimo, alama za mwilini, na sahihi.

Resiato ndiye aliyeipokea, kwa sababu siku hiyo Nalepo alikuwa misheni akishonewa koti. Alisoma alichoweza kusoma, maana jina la binti yake lilikuwa juu ya bahasha kwa herufi kubwa, akaificha kwenye ghala la mahindi, chini ya magunzi.

"Yeyo, barua iko wapi?" Nalepo alimuuliza siku ya tatu. "Karani wa posta amesema alikupa mkononi."

"Imeliwa na mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

"Yule mweusi."

"Mweusi tulimchinja Krismasi."

Resiato aliendelea kuchambua maharagwe. Nalepo alichuchumaa mbele yake, akaanza kuchambua naye.

"Bila mtu kufika kule, Bwana Shauri atasema hapakuwa na kitu," alisema.

"Aseme."

"Na sote tutakwenda wapi? Kaya thelathini na mbili?"

"Tutakwenda wote. Mimi nitabeba chungu, wewe utabeba maji. Nitakuwa nakuona."

"Mzee Loserian yuko kule peke yake."

"Mzee Loserian hakuzaliwa na mimi."

Nalepo alitenga haragwe bovu. Kisha akasema yeye hataandika mengi, ataandika jina tu na vile vichache wanavyouliza, na safari ni ya wiki sita, na mke wa daktari amekwisha kukata tikiti mbili. Alisema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, na Resiato alichukia upole ule kuliko yote. Siku mbili zilizofuata Resiato alilala na mkono wake juu ya mkono wa binti yake. Siku ya tatu alikwenda sokoni Ngaramtoni kuuza ndizi, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na chumvi. Aliporudi magunzi yalikuwa yamepangwa upya, vizuri kuliko alivyoyaacha.

Hakumgombeza. Fomu ilikuwa imekwisha kupostiwa.

Wiki tatu zikapita. Nalepo aliendelea kwenda kuchota maji mtoni, mbali, pamoja na wenzake. Koti lilikwisha, likatundikwa ukutani. Mke wa daktari alileta sanduku. Ilipofika Jumatatu, Resiato alikuwa akimsuka binti yake nywele uani, jua la saa tatu, na alikuwa amefika msuko wa tano. Aliinama kuchukua kitana. Alipoinuka mikono yake ilikuwa imeshika hewa. Alikaa hivyo mpaka ng'ombe wa jirani walipopita. Kisha akaokota nywele zilizobaki kwenye kitana, akazihesabu, zilikuwa nne, akazifunga kwenye kanga.

Mke wa daktari alisafiri mwezi wa sita na kitanda kimoja kitupu melini. Alisikitika kuhusu tikiti.

Shauri lilisikilizwa siku iliyopangwa. Bwana Shauri alikuja mwenyewe kuitazama ardhi. Alikuta mahindi yaliyokauka na uwanja usio na nyasi. Akauliza mfereji, akaoneshwa njia ya miguu. Akauliza shahidi, akaambiwa yuko Maktaba Kuu. Akauliza nakala ya kitabu, akaambiwa aliyetumwa kuinakili yuko huko huko. Aliandika kwamba hakuona mfereji, wala shahidi, wala nakala. Hakuna aliyeweza kusema ameandika uongo. Mzungu wa kahawa alipewa ardhi, akavuta maji ya mto kwa bomba. Kaya thelathini na mbili zilihama, nyingine chini upande wa tambarare, nyingine Usa River kufanya vibarua. Resiato alipata kijumba cha kupanga Engutoto, ukingoni mwa mji.

Barua ilimfuata huko. Karani wa posta alimsomea. Msomaji mmoja, msichana, alikuwa amepokelewa katika hali nzuri. Alikuwa ameketi kwenye chumba cha kusomea, meza ya sabini na mbili, na kitabu cha jalada jekundu kilikuwa kikitafutwa. Msomaji huyo hakuruhusiwa kuazimwa nje ya jengo. Jamaa aliyetaka kumwona aliruhusiwa kabisa, kwa kujaza fomu iliyoambatanishwa.

Fomu hiyo Resiato aliichoma. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, akaichoma. Habari zake zilienea mjini, na watu walimheshimu kama wanavyomheshimu mtu anayejua njia ya ofisi ngumu.

Ndipo akaja Siwema, mama wa Kiislamu kutoka mtaa wa zamani karibu na soko. Serikali ilitaka kuubomoa mtaa wao, na ofisi ikawauliza cheti cha kiwanja alichopewa babu yao. Cheti kilikuwa Maktaba Kuu. Mwanawe Omari, karani, alikuwa amekwisha kuandika mara tatu, na wiki ile kisima chao cha uani hakikuwepo. Sasa imekuja fomu ya mwisho. Omari alikuwa kazini, ndiyo maana alimtuma mama aulizie.

Resiato alimketisha, akamweleza yote, kuanzia nyasi. Hakuruka kitu. Alimwambia akaichome leo kabla mwanawe hajarudi, na kama atamgombeza, agombezwe. Alimwonesha nywele nne. Siwema alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole dada, Mungu akupe subira, akafuta macho kwa ncha ya baibui. Kisha akaikunjua fomu juu ya goti na kutoa penseli.

"Na hapa kwenye alama za mwilini," akauliza, "wanataka zote, au zinazoonekana tu?"

Resiato alisema binti yake alikuwa na moja tu, kovu la jembe kwenye kisigino cha kushoto, na lilikuwa halionekani akivaa viatu, nalo walilichukua.

"Basi ni zote," Siwema alisema, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akaandika.