Maziwa Kabla ya Mtoto

Miaka kumi nauza dawa, na kila anayenunua vidonge vya kichefuchefu nampa onyo lile lile: siku saba, usizidishe. Mimi mwenyewe nilivimeza miezi minane, kutwa mara tatu, kwa sababu tumbo lilinisumbua na kopo lilikuwa karibu na mkono. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilijiganga, tena bila kipimo.

Mwezi wa tatu wa kuvimeza sikuziona siku zangu. Wa nne vivyo hivyo. Nilikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, na mama mkwe alishaanza kuniita mgeni. Nikajipima pale pale dukani: hakuna mimba. Nikachukua kipimo kingine, kisha cha tatu. Mwenye akili angeviamini. Mimi nilirudisha katoni nzima kwa msambazaji, na barua kali kwamba ametuletea vipimo vibovu.

Kisha maziwa yakatoka. Nilikuwa nafua, blauzi ikalowa kifuani pande zote mbili, na mama mkwe akaona kabla yangu. Alipiga vigelegele hadi jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Jioni ile nilipewa kiti chenye mto, nikakatazwa kuinua ndoo. Nakiri nilifurahi kupita kiasi.

Ila tumbo halikukua. Mume wangu ni fundi umeme, mtu wa kupima waya mara mbili kabla ya kuugusa, na ndiye aliyenipeleka kwa daktari.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

"Unafanya kazi gani?"

"Nauza dawa." Daktari akasubiri. "Ni hivi vya kichefuchefu tu."

Akaweka kalamu chini. Alinieleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Ubongo huipelekea dopamini, nayo ndiyo breki ya homoni ya maziwa. Vidonge vyangu huizuia breki hiyo isishike. Kumeza siku mbili tatu si neno, lakini ukimeza kila siku homoni hupanda na kubaki juu, maziwa hutoka, na mayai hayapevuki.

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo huwezi kushika mimba mpaka uviache. Tumbo tutalitibu kwa njia nyingine."

Nyumbani nilimweleza mama mkwe yote bila kuficha. Akanisogelea.

"Mwanangu, watu nimeshawaambia. Huwezi kumeza kidogo kidogo, maziwa yasikauke, huku mkitafuta mtoto?"

"Mama, kinacholeta maziwa ndicho kinachozuia mtoto."

"Basi meza nusu."

Sikumeza hata robo, na nilimkasirikia wiki nzima.

Wiki ya sita bila vidonge, damu ilirudi. Nililia bafuni kwa furaha, taulo mdomoni. Mama mkwe alinisikia, akagonga, akaingia, akaelewa kwamba damu imerudi. Alinikumbatia akinipa pole ya msiba, machozi yakimtoka kwelikweli. Tukalia pamoja, kila mtu na sababu yake.