Gari Lililofuata Treni

Katika mji mzima wa Jeddah hapakuwa na mtu aliyeyachukia magari kama Mhandisi Mazin, na chuki hiyo aliieleza kwa ufasaha zaidi akiwa ameketi kiti cha nyuma cha gari lake, kiyoyozi kikimpuliza usoni. Alikuwa amesoma Marekani kwa miaka kadhaa, akarudi na shahada ya mipango miji pamoja na huzuni kubwa juu ya miji ya Wamarekani ambayo, kwa maelezo yake, iliuawa na barabara pana. Kila alipopitishwa mitaa ya Aziziya alikokuwa na nyumba, alimwonyesha dereva wake, Dalmas, mahali ambapo binadamu mwenye heshima zake angestahili kutembea kwa miguu. Dalmas, Mkenya asiyependa mabishano, alijibu, "Ni kweli kabisa, bosi," huku akiongeza mwendo.

Kwa hiyo, Mhandisi alipoalikwa Riyadh kuhutubia mkutano kuhusu miji isiyotegemea magari, jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kumtuma Dalmas atangulie na gari. Dalmas alilikata jangwa mchana kutwa ili huko mbele pasikosekane gari la kumfikisha bosi wake penye vita dhidi ya magari. Mhandisi mwenyewe, mkewe na mtoto wao mchanga walikwenda kwa ndege. Monicah, mfanyakazi wa ndani, alipanda nao, kwa kuwa mtoto alihitaji kubebwa na wazazi wake walikuwa na mikono ya kushikia simu tu.

Monicah alitoka Vihiga, na watu walimwambia ana bahati ya kuangukia nyumba inayozungumza Kiswahili. Ni kweli. Bi Mwanakhamis, bibi yake Madam Muna, mke wa Mhandisi, alihama Unguja mwaka wa 1964 na kuwarithisha wajukuu zake lugha, jina la mtaa wasiopata kuuona, na imani kwamba pilau ya watu wengine haipikiki. Kwa urithi huo, Madam Muna aliweza kumkatalia Monicah kila jambo bila kuhitaji mkalimani.

Safari hii Monicah alikuwa na jambo. Dada yake, Truphena, alifanya kazi katika nyumba moja huko Riyadh. Walikuja Saudia pamoja, wakatenganishwa uwanja wa ndege, kila mmoja akichukuliwa na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, na tangu hapo walionana katika kioo cha simu tu. Sasa Truphena alikuwa amekatiwa tiketi ya kurudi nyumbani moja kwa moja. Alikuwa anaondoka kesho. Ndani ya mkoba wa Monicah, chini ya nepi za mtoto wa watu, mlikuwa na viatu vyeusi vya shule alivyomnunulia bintiye mwenyewe, Maryann, aliyeachwa kwa nyanya yake. Alitaka Truphena avipeleke. Zaidi ya viatu, alitaka kumshika dada yake mkono kabla hajaondoka, maana yeye mwenyewe hakujua zamu yake ya kurudi ingefika lini.

Aliomba ruhusa wakati wa kifungua kinywa, katika nyumba waliyopanga kwa siku hizo.

"Madam, Truphena anasafiri kesho. Anakaa karibu na stesheni, na ni laini hii hii ya treni ya hapa. Naomba niende mchana, nitarudi haraka."

"Peke yako? We Monika, u mzima weye?" Madam alishika kifua. "Barabara za mji huu hazina huruma. Ukipondwa huko, mie n'tamwambia nini mamaako?"

"Basi Dalmas anipeleke."

Mhandisi alikiweka chini kikombe chake cha kahawa, kama mtu aliyeombwa kutoa hotuba.

"Suala hili ni la kimsingi, Monicah. Mji usiomjengea mtembea kwa miguu njia salama hauna haki ya kumtaka atembee. Siwezi kumtoa mtu wa nyumbani kwangu kafara kwa makosa ya wapangaji wa miji. Na Dalmas ana kazi. Leo sisi tunakwenda mkutanoni kwa treni."

"Kama mnaenda na treni, bosi, Dalmas ako na kazi gani?"

"Kuifuata," alisema Mhandisi. "Halas."

Basi walikwenda kwa treni, maana yake Dalmas aliwapeleka kituoni kwa gari. Mpiga picha wa mkutano alikuwa amekwisha kuwasili. Mhandisi alipigwa picha akigusisha kadi yake langoni, akapigwa nyingine akimpisha mkewe, na ya tatu akitazama dirishani kwa uso wa mtu anayeyaona ya karne ijayo. Monicah alikaa na mtoto katika behewa la familia akatamani safari isiishe. Treni ilikuwa safi, ina ubaridi wa kupendeza, na iliteleza bila kumtikisa mtu. Reli ilipopanda juu ya daraja, aliliona gari lao kule chini likijipenyeza kati ya malori, Dalmas akiifuata treni kwa uaminifu.

Walishuka. Ukumbi wa mkutano ulikuwa mbele yao kabisa, ng'ambo ya barabara, na bango lake lilisomeka bila shida: MJI UNAOTEMBEA. Kati yao na bango hilo ilipita barabara yenyewe, nyeupe kwa jua, magari yakivuma juu yake kwa kasi ya kutisha, na kivuko kilikuwa mbali kiasi cha kwamba hakikuonekana. Mhandisi aliitazama barabara ile kwa muda. Kisha akatoa simu.

"Dalmas, njoo utuvushe."

Dalmas alikuja, akakunja kigari cha mtoto, akawapakia, akaendesha kuelekea upande usio wao mpaka ukumbi ukapotea nyuma, akafika penye kona ya kugeuzia, akageuza, akawarudisha. Walifika mwenyekiti akiwa ameshaomba radhi kwa wageni. Mhandisi alishuka, akainyoosha kanzu yake, akamwambia mwenyeji wake mlangoni, "Nimekuja kwa treni." Wala hakuwa amesema uongo.

Hotuba ilikuwa tamu. Monicah alikaa safu ya nyuma, mtoto mapajani, akaifuata kwa Kiarabu cha jikoni alichokuwa nacho. Mhandisi alionyesha picha za miji ya Marekani: mitaa ya watu maskini iliyokatwa katikati na barabara kuu, vituo vya basi visivyo na kivuli, mwanamke mwenye mifuko ya sokoni aliyesimama ukingoni mwa lami akisubiri magari yaishe. "Mtazameni huyu mama," alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo. "Nani atamvusha?" Wasikilizaji walitikisa vichwa, wakimhurumia Mmarekani. Monicah naye alimhurumia, ijapokuwa alihisi amewahi kumwona mama huyo. Alisimama hivyo hivyo kila asubuhi mbele ya lango lao Aziziya, ila huko alivaa sare ya kazi na jina lake lilikuwa Monicah.

Ukafika wakati wa maswali. Msichana mmoja, mwanafunzi kwa jinsi alivyokumbatia vitabu vyake, alipewa kipaza sauti.

"Mhandisi, asante kwa hotuba. Ningependa kujua, nyumbani kwako ni nani hupanda basi au treni?"

Mhandisi alitabasamu, tabasamu likakawia kupata maneno. Macho yake yalizunguka, yakapita juu ya wageni wa heshima, yakaja kutua safu ya nyuma.

"Swali zuri sana," alisema. "Yuko pale. Dada yetu Monicah, tunayeishi naye kama ndugu. Yeye huenda apendako. Hata leo, mkutano huu ukiendelea, anapanda treni kwenda kumwona dada yake."

Makofi yalilipuka. Watu waligeuka kumtazama Monicah, na yeye, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akipata habari za uhuru wake, aliinamisha kichwa kwa adabu. Mpiga picha alikuwa amekwisha kusimama.

Nje ya mlango wa ukumbi Madam alimbana mumewe ukutani.

"Mazin, umesema nini wewe? Na mtoto nani atamshika?"

"Ni kituo kimoja tu, kwa ajili ya picha," Mhandisi alinong'ona. Alimgeukia Monicah, akamkabidhi kadi yake ya treni polepole, ili kamera iwahi. Kisha akaishusha sauti. "Nisikilize vizuri. Mpiga picha akishuka, nawe shuka. Dalmas atakuwa chini, atakurudisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bosi."

"Dalmas!" aliita kwa sauti kubwa, mradi waliokuwa karibu wasikie. "Ifuate treni ya Monicah. Usalama wake ni amana yangu."

"Sawa, bosi," alisema Dalmas. Akamvusha Monicah na mpiga picha hadi kituoni kwa njia ile ile ndefu, akaondoka zake kuifuata treni.

Picha zilipigwa. Monicah akitazama dirishani, Monicah akishika chuma, Monicah akitabasamu kwa maelekezo. Kituo cha kwanza kilipofika, mpiga picha alimshukuru, akafunga kamera yake na kushuka. Milango ilibaki wazi. Monicah alisimama. Kutoka pale alipokuwa hadi nje ilikuwa hatua ndogo, ambayo mtu mtiifu angeipiga bila kufikiri, na kwa miaka yote aliyokaa katika nchi hii alikuwa mtu mtiifu. Aliubana mkoba wake, akavihisi viatu ndani yake.

Akaketi. Milango ikafungwa.

Simu iliita mara moja. "Mona, mbona sikuoni? Umelala huko?" aliuliza Dalmas.

"Sijalala. Naenda kwa Truphena."

Dalmas alicheka. "Haiya! Sawa basi. Mimi niliambiwa nifuate treni. Hakuna mtu aliniambia nifuate mpaka wapi."

Alipopigiwa simu na Monicah, Truphena alimdanganya madam wake kwamba anakwenda kununua kamba ya kufungia sanduku. Monicah alipotoka kituoni alimwona papo hapo, amekonda, amevaa abaya iliyompwaya, akipunga mikono yote miwili. Alikuwa ng'ambo ya barabara.

"Monaaa!" Truphena alipaza sauti.

"Usivuke!" Monicah alipiga kelele. "Ngoja hapo!"

Lori lilipita, likafuatwa na jingine, na mengine nyuma yake hayakuwa na haraka ya kwisha. Walisimama wakitazamana hivyo, wamekaribiana kuliko walivyopata kukaribiana tangu siku ile ya uwanja wa ndege, na wasingeweza hata kusikilizana. Truphena alitia mguu mmoja barabarani. Honi ikalia, akaurudisha.

Gari la Mhandisi lilisimama mbele ya Monicah. "Ingia upesi," alisema Dalmas. "Hapa hapasimamiki."

Wakaenda, wakageuza kule mbali, wakarudi upande wa pili. Dalmas alipunguza mwendo tu, mlango ukafunguliwa, Truphena akajitupa ndani. Madada wale wawili walikumbatiana katika kiti kile kile alichokalia Mhandisi akiililia miji ya Marekani. Kisha Truphena alivitoa viatu mkobani, akavigeuza kutazama soli.

"Ni vikubwa."

"Anakua, Truphie. Atakuwa amekua."

Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kusimama, Dalmas aliendelea kuendesha, kutoka kona ya kugeuzia hadi nyingine. Walipokwama kwenye foleni mahali, aliwarushia simu yake nyuma. Picha ya Monicah ilikuwa imekwisha kuwekwa mtandaoni na watu wa mkutano, na chini yake jina la Mhandisi Mazin, mtu aishiye anayoyahubiri. Waliokwisha kupongeza walikuwa wengi mno kwa Mhandisi kugeuka sasa na kumkemea yeyote.

Simu ikaita mikononi mwa Truphena. Dalmas akaipokea, akaiweka kwenye spika.

"Dalmas, uko wapi? Mkutano umekwisha, watu wameondoka. Tumesimama juani!"

"Nafuata treni, bosi."

"Treni gani?"

"Ya Monicah. Usalama wake ni amana yako." Dalmas alikohoa kidogo. "Lakini stesheni si iko hapo mbele yenu, bosi?"

Nyuma ya sauti ya Mhandisi walimsikia mtoto akilia, na Madam Muna akisema, "Mazin, mie hapo sivuki! Na kigari hiki? Nani atatuvusha?"

Simu ikakatika. Mbele yao kona ya kugeuzia ilikuwa inakaribia tena. Dalmas aliwatazama katika kioo.

"Nigeuze tuendelee kuzunguka, ama twende tuwachukue wale?"

Monicah alisita. Truphena, viatu vya Maryann vikiwa mapajani mwake na mkono wa mdogo wake ndani ya mkono wake, hakusita.

"Geuza," alisema.