Matundu Sita Bila Kufunua Karatasi

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, pacha wa marehemu akashuka melini. Nilikuwa nimelala kifudifudi kitandani, Jumapili mchana, nikaisoma sentensi hiyo mara tatu nikidhani macho yananichezea. Kwa kurasa mia mbili na kumi na moja hakuna aliyewahi kutaja pacha. Kurasa tano mbele ikagundulika kwamba marehemu hakufa, aliyezikwa ni huyo pacha. Kurasa tatu zaidi, inspekta akaamka jasho likimtiririka, na mambo yote yakawa ndoto. Nilikirusha kitabu ukutani. Kisha nikakiokota na kukipangusa, kwa sababu kesho yake nilitakiwa kuusoma mwisho huo mbele ya wanawake tisa, na mmoja wao nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Tulikuwa tunashona sare za shule katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la rangi. Vyerehani vinane, meza moja ndefu ya kukatia, pasi mbili, na dirisha ambalo kila mtu alitaka kukaa karibu nalo. Asubuhi vyerehani vilinguruma na hakuna aliyemsikia mwenzake. Alasiri zilikuja kazi za mkono, mapindo na vifungo na kukata nyuzi zilizoning'inia, na hapo ndipo mmoja wetu aliposoma na wengine wakashona. Msomaji hakushika sindano. Sketi zake waligawana, kila mmoja mbili, wakazipinda pamoja na za kwao, na jioni rundo lake lilikuwa limekamilika kama la mtu yeyote. Msomaji nilikuwa mimi, na sitajidai kwamba ni kwa uzuri wa sauti tu. Mapindo yangu yalipanda na kushuka. Fundi mkuu alisema ni afadhali mdomo wangu ufanye kazi na mikono ipumzike. Waliniita Redio.

Aliyepewa nafasi ya dirishani alikuwa Mama Vifungo. Yeye alitia matundu ya vifungo kwa mkono, moja baada ya jingine, yote ya urefu mmoja utadhani yamepigwa muhuri. Mashine ya kazi hiyo ilikuwepo pembeni, imeharibika miaka, na hakuna aliyehangaika kuitengeneza maana yeye aliishinda. Hakujua kusoma. Hakulificha jambo hilo wala hakulitangaza. Siku ya kwanza niliyoshika kitabu aliniambia sharti lake, na lilikuwa moja tu.

"Usiniruke, mwanangu. Hata pakiwa pabaya, nisomee."

Nilimwahidi kwa urahisi, kama mtu anavyoahidi asipojua anaombwa nini.

Kitabu kile kilikuwa cha mauaji katika nyumba ya wageni. Sura ya nne, maiti imelala juu ya zulia na koti lake limefungwa vizuri, na mwandishi anataja kwamba kifungo cha pili kilishonwa kwa uzi mweusi, ilhali vingine ni vya uzi wa kahawia. Alitumia mstari mmoja kulisema hilo, kisha akapita zake. Mama Vifungo hakupita.

"Nani alimshonea hicho?"

"Haijasemwa, Mama."

"Basi ni mkewe, na ndiye aliyemuua. Uzi wa kahawia ulimwishia, na alitaka mumewe aonekane nadhifu siku ya kuzikwa. Endelea."

Kwa wiki tatu hatukuwa na mazungumzo mengine. Wengi walimshuku daktari, na fundi mkuu ndiye aliyeongoza kambi hiyo. Mama Vifungo alibaki na uzi wake mweusi. Kila sura ilipoanza alikuwa akiinua kichwa kidogo kusubiri koti litajwe, na lisipotajwa alikuwa akisema, mapema bado, huyu anajua anachokifanya. Nilipenda imani ile. Nilipenda pia, niseme ukweli, kwamba ilipitia kwenye sauti yangu.

Na sasa Jumapili ilikuwa imenionyesha kwamba mwandishi hakujua anachokifanya. Nilirudi nyuma nikapekua kitabu kizima nikikitafuta kile kifungo. Hakikutajwa tena popote. Nikajiuliza nani atakayeumia nikimpa mama wa watu kitu kidogo alichostahili, na jibu lilikuja haraka mno: hakuna.

Jumatatu nikasoma mpaka ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, nikashusha pumzi, nikaanza kutunga. Inspekta wangu alimwendea mjane akamwomba sindano na uzi, ati mkono wa shati lake umefumuka. Mjane akatoa kopo la uzi. Ndani yake kigurudumu cha uzi wa kahawia kilikuwa kitupu. Nilimpa mjane machozi, nikampa maneno mazuri ya kukiri kosa lake, na nilipomaliza wanawake walipiga makofi, na fundi mkuu akagonga meza kwa mkasi na kukubali kwamba ameshindwa. Niligeuka kuitafuta furaha ya Mama Vifungo. Alikuwa ameinamia kazi yake.

"Umesoma vizuri," alisema, bila kuniangalia.

Muda wa kutoka ulipofika wenzetu waliteremka wakicheka. Yeye alibaki akikunja kitambaa chake, polepole, na mimi nikajikuta nimebaki pia.

"Nimetia matundu sita," alisema. "Tangu inspekta aombe sindano mpaka watu wapige makofi. Siku zote kila nikitia moja na nusu, unafunua karatasi. Leo hukufunua hata mara moja."

Uso uliniwaka. "Nilitaka ufurahi."

"Najua."

"Mwandishi amekisahau kifungo, Mama. Anamleta pacha. Halafu inakuwa ndoto."

"Kaa. Nisomee."

Nikakaa, nikamsomea zile kurasa zote kama zilivyo. Kwa pacha alicheka mpaka akafuta macho. Kwa ndoto hakucheka. Alinyoosha mkono akakishika kitabu, akakipimapima uzito kiganjani.

"Huyu alichoka," alisema. "Anapinda kama wewe." Kisha akakirudisha mapajani mwangu. "Lakini ndivyo alivyomaliza. Ungeniacha nikasirike mwenyewe."

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nalia, na nilijionea aibu kulia kwa ajili ya kitabu kibaya. Hakunibembeleza. Alifungua pochi yake, akatoa bahasha iliyogeuka rangi ya chai, akaiweka juu ya meza ya kukatia katikati yetu.

"Mume wangu alikwenda mbali kutafuta kazi," alisema. "Ikaja barua hii. Dada yangu ndiye aliyejua kusoma. Akanisomea: anakusalimu, kazi ni nyingi, atakuja. Alisoma kwa muda wa kutia uzi kwenye sindano, basi. Akasema atanitunzia. Nilisubiri miaka saba, mpaka nikasikia ameoa huko. Mwaka huu dada amefariki, wanawe wameniletea sanduku lake, na barua imo. Itazame."

Nikaitoa. Zilikuwa karatasi mbili, zimejaa mwandiko pande zote.

"Kwa nini usiwape wao wakusomee?"

"Ni mama yao. Wataruka." Akainyoosha bahasha kwa kiganja. "Dada alikuwa ananipenda. Shida ilikuwa hiyo. Miezi mitatu natafuta mtu, nikasema nikusikilize kwanza na kitabu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekaribia kukivunja. Miaka imepita, na leo kazi yangu ni kuwasomea watu wasiojua kusoma maelezo waliyoandikisha, kabla hawajatia dole gumba, na wakubwa zangu hulalamika kwamba ninachelewesha foleni. Wacha ichelewe. Kila anayekaa mbele yangu ninamwona amekaa dirishani, anahesabu.

Nikaanza barua. Upande wa kwanza ulikuwa salamu, za mama, za mjomba, za jirani mmoja mmoja. Upande wa pili alisimulia kiatu kilichoachia soli na msimamizi mwenye kelele. Ilikuwa barua ya kawaida kabisa. Mama Vifungo alisikiliza mikono ikiwa imetulia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikaifunua karatasi ya pili, na kama ilivyo kawaida ya wasomaji, macho yangu yakatangulia mdomo.

Niliona kinachokuja. Maneno mengine yalikwisha kunijia, laini, tayari, na nilijua ningeweza kuyasema bila sauti kutetemeka, huku nikifunua karatasi kila inapostahili. Angeondoka na huzuni ile ile aliyoizoea. Nilimtazama. Hakuwa akiniangalia mkono. Aliniangalia usoni, na aliniamini.

Nikasoma.

"Nimepata chumba. Si kikubwa, lakini kina madirisha mawili na jua linaingia asubuhi, utaweza kushona. Njoo. Niandikie kabla ya mwezi huu kwisha, nitakuja kukupokea mwenyewe. Nisipopata jibu nitajua umekataa, na sitakulaumu, wala sitakusumbua tena."

Upande wa mwisho ulikuwa salamu tena, na jina lake. Nikaziweka karatasi juu ya meza. Chini yetu mwenye duka la rangi alikuwa anashusha milango ya chuma, mmoja baada ya mwingine, na tulingoja mpaka alipomaliza.

Niliogopa atamlaani dada yake, na niliogopa zaidi kwamba ataanguka. Alikaa vile vile. Baada ya muda midomo yake ikaanza kusogea bila sauti, nikajua anayapitia maneno ili asiyapoteze.

"Miaka yote hii nimekuwa nikisema aliniacha," alisema. "Kumbe aliniita."

Nikamshika mkono, naye akauacha ushikwe.

"Isome tena," alisema. "Anza pale kwenye chumba."

Nikaichukua karatasi ya pili, nikamsomea tena kile chumba, na madirisha yake mawili, na jua la asubuhi.