Kufuli Anyoosha Mkono

Nilifanya kazi ya zimamoto mpaka moto wenyewe ukaanza kunikimbia. Mwishoni nikipita mtaani tu, majiko ya watu yanazimika, chai hazichemki. Wakubwa wakaona huyu sasa ni hasara, wakanistaafisha. Ndipo nikahamia kwa binti yangu, nikapewa chumba kilichopakana na jiko, na mtani mmoja: mjukuu wangu, ambaye darasani wanamwita Kufuli.

Jina hilo alilipata siku aliyouliza swali la hesabu, kumbe jambo lenyewe lilishafundishwa wiki iliyopita. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo akafunga mdomo, na ufunguo akaumeza. Kitu asichokielewa anakiacha kipite, na vilivyopita vikawa vingi. Ripoti ya mwaka ikaja na neno la mwalimu: "Ana akili, lakini haulizi. Akiendelea hivi, ataachwa nyuma."

Mama yake hakulala kwa neno hilo. Siku ya mwaka mpya alichukua kalamu nyekundu, akaandika malengo kwenye karatasi kubwa, akaibandika kwenye mlango wa jiko. Awe wa kwanza. Aamke alfajiri asome. Hesabu, alama zote.

"Umeyakubali, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Hata angeandikiwa kupaka mwezi chokaa, angejibu hivyo hivyo.

Mama alipotoka nikamsogelea. "Haya, mtani, hayo ni ya mama. Ya kwako je?"

Alichokonoa ukingo wa meza kwa ukucha. Kisha akanong'ona, "Nataka ninyooshe mkono, babu. Mara moja tu. Lakini watanicheka."

Hapo moyo ulinisinyaa, maana moto naujua, maji nayajua, ila kicheko cha watoto hakina mpira wa maji wa kukizimia. Nikafikiri nina nini mimi cha kumpa. Sikuona kitu ila uongo wangu.

"Tufanye mapatano," nikamwambia. "Kila jioni nitakupa kisa. Ukiona mahali hapaingii akilini, nyoosha mkono, uliza. Nikikosa jibu, vyombo naosha mimi. Nikijibu, unaosha wewe."

Jioni ya kwanza nikamweleza jinsi king'ora cha gari letu kilivyoharibika, nikatoa kichwa dirishani nikalia mwenyewe mpaka kwenye moto. Mkono wake ukainuka hadi usawa wa sikio, kama anayekuna.

"Babu, na... na kama mdomo ndio king'ora, dereva ulimwelekezaje njia?"

"Nilikuwa namkanyaga mguu. Kulia, kulia. Kushoto, kushoto."

Akaosha vyombo. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Lakini mkono ukawa unapanda, na maswali yakawa na meno. Wiki ya pili niliosha masufuria mpaka vidole vikakunjamana kama zabibu kavu, na binti yangu akaniuliza, "Baba, umefanya kosa gani humu ndani?"

Mezani pangu Kufuli alifunguka. Shuleni, bado. Kila nikimwuliza, anatazama viatu.

Basi mwalimu wake akaalika wazee waje kuwaeleza watoto kazi zao. Nikavaa koti langu la kazi, nikapiga kofia. Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati, Kufuli nyuma kabisa, jicho sakafuni.

Nikaanza na ukweli kidogo, kisha nikashindwa kujizuia. "Jengo lile lilikuwa refu hata ngazi yetu ikapenya mawinguni. Maji hayafiki! Nikashika wingu kwa mikono miwili, nikalikamua kama nguo, huku nawapigia mluzi wenzangu chini wasogee. Moto, tsss!"

Vinywa wazi. Mwalimu akatabasamu kwa adabu. "Kuna swali kwa babu yetu?"

 Nikajilazimisha nisitazame nyuma. Kisha dawati likalia, mkono ukainuka polepole, ukakwama sikioni, kisha ukasimama wima.

"Babu, wingu umelikamua kwa mikono miwili. Ngazi ulishikia nini?"

"Meno!" nikasema, nikajiona mjanja.

"Na mluzi ulipigaje?"

Lo! Darasa lililipuka. Kile kicheko alichokiogopa mwaka mzima kilinishukia mimi, na koti langu, na kofia yangu. Kijana wa dawati la mbele alilia machozi. Mwalimu naye aligeukia ubao, mabega yakimtikisika.

"Leo vyombo vyako, babu!" akaongeza mtani wangu, na wenzake wakampigia makofi bila kujua vyombo ni vipi.

Nikavua kofia nikielekea mlangoni, mzee mzima nimeumbuka, natamani kuruka kwa furaha. Mwalimu alikuwa anapangusa ubao aanze hesabu. Nikasikia tena lile dawati likilia nyuma yangu. Nikageuka.

Mkono ulikuwa juu. Safari hii haukunielekea mimi, wala haukukwama sikioni.

"Mwalimu," akasema, "ile ya jana sikuielewa. Inakuwaje nusu ukiigawa kwa nusu, jibu linakuwa kubwa kuliko nusu yenyewe?"

Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Kijana wa dawati la mbele, yule wa machozi, aligeuka akasema, "Hata mimi!"

Mwalimu akashika chaki. Mimi nikaenda zangu, nikapitia dukani kununua sabuni ya vyombo.