Mifuko Myekundu Nyuma ya Milango

Tangu mdogo wangu aache vidonge, aliyekosa usingizi ni mimi. Kila alfajiri naamka, nabandika sikio kwenye mlango wa chumba chake, nasikiliza kama anapumua. Akikoroma, nashukuru. Akiwa kimya, nakohoa kwa makusudi mpaka anijibu, "Dada, niko hai, nenda kashone." Mtaa mzima unamwita Antena kwa urefu wake. Alianza na vidonge halali kabisa, alivyopewa hospitali alipovunjika mguu. Mguu ukapona, vidonge vikabaki. Sasa ni miezi mitano hajagusa hata kimoja, lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Sista alishatuonya kwamba mtu aliyeacha akirudia siku moja tu, kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua, maana mwili umeshakisahau.

Sista ni muuguzi mstaafu, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu. Mimi ni katibu, cheo nilichopewa kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na chumba cha cherehani kinachoenea viti tisa. Mwaka jana tuliomba ruzuku ndogo, zile wanazopewa vikundi vya mitaani vinavyohangaika na watu walionaswa na vidonge vya maumivu. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Tuliijaza wiki tatu, Sista akitamka, mimi nikiandika na kulalamika. Tukapata. Kikubwa tulichonunua ni chupa kumi na mbili za dawa ya kuzindua, ile inayopulizwa puani mtu akizidiwa na kuacha kupumua. Nikashona mifuko kumi na miwili kwa mabaki ya kitambaa chekundu, tukaitundika nyuma ya milango ya nyumba kumi na mbili zenye mgonjwa. Kanuni ya Sista ilikuwa moja: dawa hii ikae karibu na pua, isikae kabatini.

Kanuni hiyo niliivunja mimi, na sikusukumwa na mtu.

Barua ilisema ofisa wa ruzuku angekuja Alhamisi kuhakiki vifaa. Nikaingiwa na baridi. Tulikuwa tumesikia kwamba kikundi cha mtaa wa juu kilinyimwa awamu ya pili kwa sababu chupa mbili hazikuonekana. Nikajiona nimesimama mbele ya mgeni, anauliza ziko wapi, nami namwambia ziko nyuma ya milango ya watu. Sista alikuwa amesafiri kwa bintiye, angerudi siku hiyohiyo ya ukaguzi. Basi Jumatano mchana nikachukua kikapu, nikapita nyumba kwa nyumba nikizikusanya.

Wengi walinipa bila neno. Mke wa Dereva, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisita. Mumewe aliumia mgongo akipakua mzigo kwenye lori, na tangu hapo vidonge vikawa ndicho chakula chake.

"Sasa ikitokea jambo leo, nifanyeje?" aliniuliza, mfuko bado uko mkononi mwake.

"Ni ya kesho tu, mama. Kesho mchana nakurudishia mwenyewe."

"Zote zinakusanywa?"

"Zote."

"Haya. Wewe ndiye katibu."

Nilipofika kwetu jioni niliinua mkono niutoe na mfuko wa kwetu. Nikausikia mguu wa Antena ukiburuta chumbani. Mkono ukashuka wenyewe. Niliogopa, ndiyo hali halisi. Nikaupita mfuko kama sijauona, nikamwambia mama yetu, tunayeishi naye, chakula kiko wapi, nikaenda kulala na kikapu kando ya kitanda.

Alhamisi ofisa akaja dukani kwangu kwenye cherehani, mwanamke mpole mwenye viatu vya kutembelea na daftari dogo. Nilikuwa nimezipanga chupa juu ya meza ya kukatia nguo, zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Akahesabu kwa kalamu.

"Kumi na moja. Ya kumi na mbili?"

"Imesahaulika nyumbani," nikasema.

Wakati huohuo Sista akaingia, begi la safari bado begani. Akaitazama meza. Sijawahi kumwona Sista akiogopa, hata alipotusimulia vifo vya wodini. Siku hiyo nilimwona.

"Nani amezileta hizi hapa?"

"Ukaguzi, Sista," nikasema. "Nilitaka zionekane."

Ofisa akafunga daftari taratibu. "Lakini mimi nilikuwa nipite nyumba kwa nyumba," alisema. "Nilitaka kuona zinavyokaa huko."

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mama. "Njoo nyumbani! Njoo mbio, mtu hapumui..." Kisha ikakatika.

Nilikwapua chupa mbili mezani, moja ikaanguka, nikaiokota, nikatoka mbio. Kutoka dukani hadi kwetu ni mwendo wa dakika kumi, na mimi si mtu wa kukimbia. Miguu yangu imezoea pedali. Nilikimbia nikimwita Mungu na nikimtukana Antena kwa sauti, wapita njia wakanipisha wakidhani nimerukwa na akili. Nilishamwona amelala sakafuni. Nilishaona hata sanda.

Nilipopinda kona nikaona watu wamejazana mlangoni. Haukuwa mlango wetu. Ulikuwa wa Dereva.

Nikashukuru. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado linanichoma. Hatua tatu nzima nilishukuru.

Ndani, Dereva alikuwa chali, midomo imegeuka rangi ya majivu. Aliyepiga magoti kichwani pake ni Antena. Alikuwa amembana pua, anampulizia pumzi mdomoni, anahesabu, anapuliza tena, vile Sista alivyotufundisha kwa mdoli wa mpira. Mfuko wetu ulikuwa umetupwa kando, mtupu.

"Nimempa moja," alisema bila kuinua macho. "Sasa zimepita dakika tano. Haamki."

Nikapuliza ya pili kwenye tundu jingine la pua. Tukangoja. Mkewe alikuwa ameshika unyayo wa mumewe kwa mikono miwili. Antena akaendelea kupuliza. Sijui tulingoja muda gani. Kisha kifua cha Dereva kikaruka, akavuta pumzi yenye mkwaruzo mbaya, akavuta nyingine, akafungua macho na kuanza kututukana. Sijawahi kusikia matusi matamu kama yale. Tukamlaza ubavu.

Sista na ofisa wakafika na gari, wakampakia kumpeleka hospitali. Antena akaingia naye nyuma, akimshikilia kichwa. Mke wa Dereva alikuwa wa mwisho kupanda. Mguu mmoja ukiwa tayari garini, aligeuka akanitazama.

"Nilikwenda kwenu ili mama yako akupigie simu," alisema. "Nilijua dawa hakuna popote, maana uliniambia zote. Mdogo wako ndiye aliyenyoosha mkono nyuma ya mlango." "Mbona ya kwenu ilikuwepo?"

Uongo nilikuwa nao. Wa kusahau, uleule niliompa ofisa. Sikuutoa.

"Niliogopa," nikasema. "Niliogopa mdogo wangu asife."

Hakupandisha sauti.

"Mimi hukuniambia niogope," alisema. "Mimi uliniambia ni ya kesho tu."